Kopo la Mzee na Sanduku la Serikali

(Maneno yaliyosemwa bwaloni, Musoma, mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, katika mkutano wetu wa mwaka)



Katibu aliponiandikia kuniomba nizungumze, alisema nichague mada yoyote, bali iwafae vijana. Nilimwelewa. Wote tunakumbuka hotuba ile ya maendeleo ya taifa iliyochukua saa moja na nusu hata wali ukapoa. Basi mimi nimechagua mada ndogo. Nitazungumza juu ya vifuniko: ni kwa vipi kifuniko cha sanduku kinaweza kuzuia maji yasiingie, iwapo sanduku lenyewe halina budi kufunguliwa kila mara.

Najua wapo waliokwisha kucheka. Ngojeni kidogo.

Mimi ni mtumishi wa serikali katika kazi za maji. Tangu nilipotoka Chuo Kikuu kazi yangu imekuwa kujua mto umepanda kiasi gani, umeshuka kiasi gani, na mvua imenyesha milimita ngapi. Watu wengi hudhani kazi ya maji ni mabomba. Lakini kabla ya bomba kuna daftari. Huwezi kujenga daraja, wala kuchimba mfereji, wala kuwaambia watu wa bondeni wahame, kama hujui mto ulipata kufika wapi siku ulipokuwa na hasira.

Katika kituo cha kupimia mto kuna vibao vya mita vilivyosimamishwa majini, na mtu wa kijijini hulipwa chochote ili avisome asubuhi na jioni na kuandika. Mpango huo ni wa tangu zamani na bado upo. Siku hizi huongezwa mtambo wa umeme ambao huhisi kimo cha maji na kukiandika kila dakika 15, usiku na mchana, bila kulala na bila kudai posho. Mtambo hukaa ndani ya sanduku juu ya nguzo, pamoja na betri yake inayochajiwa kwa jua. Fundi huja kila mwezi, hufungua sanduku, huchukua takwimu, hutazama betri, huwafukuza nyigu na mijusi (ajabu ni kwamba hao huwa hawakosi), kisha hufunga na kwenda zake. Kwa mwaka ni mara 12. Ikitokea hitilafu, ni mara 20 au zaidi.

Sasa, kuzuia maji katika kitu kisichofunguliwa si kazi ngumu. Mafundi wa mitumbwi yetu ya ziwani huziba nafasi baina ya mbao kwa kalafati, na mtumbwi huenda mpaka visiwani na kurudi. Lakini hakuna mvuvi anayefungua ubavu wa mtumbwi wake kila mwezi ili atazame ndani. Bibi yangu pale Butiama alijua tofauti hii bila kwenda shule. Kibuyu chake cha mbegu alikiziba kwa gunzi, akapaka samadi juu, kikakaa juu ya moshi hadi msimu wa kupanda. Kibuyu cha maziwa hakukipaka kitu. Kile kilikuwa na kifuniko cha kubana tu, kwa sababu kilifunguliwa kila siku, na kila siku kilioshwa mdomo wake. Nimewahi kukaa darasani Mlimani nikisoma habari za mipira ya kuzuia maji, na haikunijia hata mara moja kwamba bibi alikwisha kunionyesha vitu viwili vilivyo mbali kabisa. Ningelikumbuka, pengine nisingefanya kosa ninalokuja kuwaeleza.

Masanduku yetu yalipokuja yalikuwa mazuri sana: ya plastiki nzito, rangi ya kijivu, yenye ukanda wa mpira kuzunguka kifuniko, na skrubu nne pembeni. Pembeni yameandikwa IP67. Hizo herufi ni za kipimo cha kimataifa. Tarakimu ya kwanza, 6, ni ya vumbi: maana yake vumbi haliingii kabisa. Ya pili, 7, ni ya maji: sanduku limezamishwa kimo cha mita moja kwa nusu saa, nalo halikupitisha maji ya kuleta madhara. Mimi nikasoma 67 nikatosheka, kama mzazi aliyesoma maksi za mtoto bila kuuliza mtihani ulikuwa wa nini. Mtihani ule hufanywa sanduku likiwa jipya na safi, likiwa limefungwa na mtu asiye na haraka. Hausemi lolote juu ya ufunguaji wa mara ya 50, mchanga ukiwa vidoleni na wingu jeusi likiwa mgongoni.

Kabla ya mwaka kwisha tukakuta unyevu ndani. Kwanza ukungu kwenye kioo cha mtambo, kisha matone, kisha kutu ya kijani kwenye nyaya. Hapo nikatoa amri niliyoiona ni ya kitaalamu. Nikanunua silikoni ya kuzibia madirisha, ile ya kwenye bomba la kukamua, nikaagiza kila kifuniko kikishafungwa kipakwe silikoni kuzunguka pande zote. Nikaandika na waraka. Waraka ule ninao hadi leo, nao huniaibisha.

Katika kituo kimoja cha Mto Mara, msoma-vibao wetu alikuwa mzee mmoja mstaafu, mtu wa maneno machache. Siku hiyo nilifuatana na fundi. Fundi akatoa kisu akaanza kukata silikoni ili afungue. Mzee akatazama muda, kisha akaniuliza, "Mwanangu, mlango unaofunguliwa kwa kisu, mtu akiufunga, unafungika?"

Nikamjibu, "Tutapaka nyingine, Mzee."

"Juu ya ile ya zamani?"

Nikacheka kidogo, kwa adabu, kama tunavyowacheka wazee wetu tunapodhani tumesoma kuwapita. Hilo lilikuwa kosa la pili, nalo lilizidi la kwanza.

Mnaikumbuka mvua ya vuli ya mwaka 2019, ilivyonyesha kana kwamba haina nyumbani. Haikupumzika sana, ikapokelewa na masika ya 2020. Ziwa Victoria likapanda hadi kimo ambacho hakikuonekana tangu 1964, na watu wa kandokando ya ziwa wakahamisha vitu vyao kwa mitumbwi kutoka ndani ya nyumba. Mto Mara nao, unaotoka nyanda za Mau huko Kenya na kupita Serengeti kabla ya kufika kwetu, ukafurika bondeni. Kwa mtu wa kazi yangu huo ni msiba na pia ni darasa. Mafuriko kama hayo ndiyo yanayotakiwa yapimwe, maana madaraja yatakayojengwa hata baada yangu yatapangwa kwa kufuata vipimo hivyo. Mvua za kawaida tunazo tele kwenye madaftari. Ile ya 2020 ilikuja mara moja.

Tulipofika kituoni, maji yakiwa yameanza kushuka, sanduku lilikuwa bado limesimama juu ya nguzo yake, na mafuriko hayakulifikia. Fundi akakata silikoni, akafungua. Ndani mlikuwa na maji ya kufika kifundoni mwa betri. Mtambo ulikuwa umekufa siku nyingi. Takwimu zilikomea kabla ya mto kupanda kabisa. Dakika 15, dakika 15, dakika 15, halafu kimya.

Nilikaa juu ya jiwe. Sina haya kuwaambia kwamba nilitamani kulia.

Mzee akaja na kopo. Lilikuwa kopo la bati la maziwa ya unga, lile ambalo kifuniko chake hufunguliwa kwa kutumbukiza mkia wa kijiko. Akafungua, akatoa daftari na penseli. Daftari lilikuwa kavu kama biskuti. Asubuhi na jioni, kila siku, kimo cha maji. Siku vibao vilipozama asiweze kuvisoma, alikuwa amepigilia msumari kwenye mti mkubwa, mahali maji yalipofika, na kuandika daftarini: msumari wa kwanza, asubuhi, msumari wa pili, jioni, hadi msumari wa tisa. Baadaye tulikuja na leveli tukapima vimo vya misumari ile, na ndivyo tulivyopata mafuriko ya kituo kile. Hatukupata kilele chenyewe. Kilipita usiku, baina ya msumari wa sita na wa saba, na hakuna atakayekijua. Nadhani mmeelewa sasa kwa nini nimekuja kuwasimulia vifuniko.

Nilimwomba Mzee anionyeshe jinsi anavyofunga. Akashangaa kuulizwa. Alipitisha kidole kuzunguka ukingo wa kopo kuondoa mchanga. Akakifuta kifuniko kwa shati. Akakiweka, akabonyeza upande mmoja, kisha upande uliokabili, kisha kushoto, kisha kulia, halafu akakipiga kiganja katikati. Hakuna zaidi. Kwa mwaka alifanya hivyo zaidi ya mara 700.

Tulirudi Musoma na lile sanduku, nikaanza kazi ambayo ilinipasa kuifanya kabla ya kuandika waraka.

Swali la kwanza: maji yaliingiaje katika sanduku lililo juu ya nguzo, ambalo halikuzama? Vijana wa fizikia, sikilizeni hapa, maana hesabu yake ni ya kidato chenu. Sanduku la kijivu likikaa juani, hewa iliyo ndani inaweza kufikia nyuzi 50 za sentigredi. Hewa hiyo hutanuka, na kwa kuwa hakuna sanduku lisilopitisha hewa kabisa, kiasi chake hutoka polepole. Mara alasiri mvua hunyesha, sanduku likapoa hadi nyuzi 22. Badilisheni kuwa Kelvini: 323 na 295. Kanieneo ya hewa iliyobaki ndani hupungua kwa karibu asilimia 9. Hapa kwetu, kwa sababu tuko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,100, hewa ya nje ina kanieneo ya kama kilopaskali 88, badala ya 101 ya Dar es Salaam. Asilimia 9 ya hiyo ni kilopaskali 7 na nusu na ushei. Mnajua ni sawa na nini? Ni sawa na kusimamisha maji ya kimo cha karibu sentimita 78 juu ya kila ufa. Yaani sanduku letu, likiwa juu ya nguzo, hukaribia kufanyiwa mtihani ule wa kuzamishwa mita moja, si mara moja kwa nusu saa, bali kila alasiri ya masika.

Nitaongeza neno. Sanduku la lita 10 likipoa namna hiyo hutaka kuvuta ndani karibu lita moja isipokuwa nusu ya robo. Likivuta hewa, si neno. Hata hewa ya joto iliyojaa unyevu, lita 10 zake hubeba maji ya matone sita hivi. Lakini kama ufa umefunikwa na maji ya mvua, sanduku halivuti hewa. Linakunywa.

Kijana mmoja wa kidato cha tatu aliniuliza asubuhi hii, nilipokuwa nikimweleza pale nje: je, huko kuvuta si ndiko kunakokaza kifuniko? Swali zuri sana, na nilitaka nilijibu mbele ya wote. Ni kweli. Kifuniko cha sentimita 40 kwa 30 huvutwa kwa nguvu ya karibu uzito wa kilo 90, kama mtu mnene kalala juu yake, ijapokuwa plastiki ikilegea kidogo nguvu hiyo hupungua. Lakini mtu huyo mnene amelala katikati. Kifuniko hupinda, na pale kati ya skrubu na skrubu hupata mwanya. Na mahali penye chembe ya mchanga, au bonge la silikoni kuukuu, pana njia tayari. Hapo kuvuta hakukazi, kunapitisha.

Mzee aliponiuliza "juu ya ile ya zamani?" alikuwa amegusa penyewe. Silikoni ya mwezi uliopita haikutoka yote. Ilibaki mabonge na mikwaruzo ya kisu juu ya ukanda wa mpira. Kila mwezi tulikuwa tukijenga kilima kipya, na kifuniko kikikaa juu ya vilima.

Kwa habari ya mpira nilipata mwalimu Bunda. Pale kuna gereji kando ya barabara ya Mwanza, na fundi wake mkuu ni mtu ambaye mikono yake haijapata kuwa meupe tangu nimjue. Nilimpelekea ukanda wetu. Akaubana kwa vidole, akauachia, akautazama. Haukurudi. Ulikuwa umebaki bapa kama chapati. "Huu umekufa," akasema. "Mpira unaziba kwa sababu unataka kurudi. Ukishasahau kurudi, ni tambara." Sijapata kusikia maelezo bora kuliko hayo, hata chuoni.

Wazee wenzangu mtakumbuka habari za chombo cha anga cha Marekani, Challenger, kilicholipuka tarehe 28 Januari 1986 na kuua watu saba waliokuwamo. Uchunguzi ulionyesha kwamba pete za mpira za kuziba viungo vya roketi zilipoteza wepesi wake wa kurudi kwa sababu ya baridi ya asubuhi ile. Profesa Richard Feynman alionyesha jambo hilo mbele ya tume kwa kubana kipande cha mpira na kukitia katika bilauri ya maji ya barafu. Huku kwetu hatuna baridi ya kuua mpira. Tunalo jua, na joto, na fundi anayekaza skrubu kwa nguvu zake zote akidhani anafanya wema. Mpira laini wa sponji ukibanwa kama robo ya unene wake, hukaa miaka. Ukibanwa hadi nusu au zaidi, tena juani, husahau.

Kwa hiyo katika sanduku tulilolitengeneza upya, fundi hakuachiwa kuamua akaze kiasi gani. Kifuniko kina kizuizi cha plastiki ngumu: kikigota, basi, mpira umebanwa kiasi chake, hata ukivunja spana hauendi zaidi. Skrubu tumeziondoa. Skrubu ni adui wa kazi ya porini. Ya nne huanguka mtoni siku ya tatu, na mwezi unaofuata sanduku linafungwa na tatu. Badala yake kuna makomeo manne ya kuvuta, yasiyotoka mahali pake, na sauti yake husikika yanapofunga. Fundi hufunga moja, kisha la upande uliokabili, kama Mzee na kopo lake.

Ukanda wa mpira tumeuhamishia kwenye kifuniko, ukitazama chini ndani ya mfereji wake, ili nyaya, spana na viwiko vya watu visiukwaruze. Kwenye sanduku umebaki ukingo mwembamba uliosimama, ambao kidole kikipita mara moja huwa safi. Na kifuniko kina upenu unaoteremka nje ya ukingo huo, kama upenu wa nyumba. Jambo hili la upenu nalisisitiza kwa wale watakaokuwa wahandisi. Mpira usiwe mlinzi wa kwanza. Maji yakiweza kumwagika kabla hayajaufikia, mpira hupumzika, na siku ukichoka hutapata hasara kubwa.

Nyaya zinaingia chini ya sanduku, si ubavuni, na kabla ya kuingia zinashuka kwanza na kupanda tena, ili maji yanayotembea juu ya waya yadondoke kwenye kona ya chini. Sanduku limepakwa rangi nyeupe na kuwekewa kibati cha kivuli, kwa sababu dawa nafuu ya kunywa maji ni kutopata joto kwanza. Na chini kabisa tumelitoboa tundu.

Ndiyo, tumelitoboa sanduku la kuzuia maji. Afisa manunuzi alidhani nimechanganyikiwa. Tundu hilo limezibwa kwa kiwambo chembamba cha plastiki iliyovutwa hata ikawa na vitundu vidogo mno: hewa hupita, maji hayapiti. Ni jamaa ya kitambaa cha makoti ya mvua kilichotokana na ugunduzi wa Robert Gore wa Marekani mwaka 1969. Sanduku likipata joto hupumua kupitia hapo, likipoa huvuta hewa kupitia hapo, na kifuniko hakibebeshwi mzigo wa kilo 90 wala hakitafuti ufa. Mvuke huingia pamoja na hewa, basi ndani tunaweka mfuko wa silika jeli ya kunyonya unyevu, ile ambayo ikiwa ya rangi ya chungwa ni kavu na ikigeuka kijani imeshiba. Ile ya buluu iliyo katika maabara yetu hapa ina chumvi ya kobalti. Msiishike kwa mikono mitupu.

Lakini kwa maoni yangu haya yote si kitu mbele ya badiliko moja ambalo halihusu mpira hata kidogo. Tulijiuliza fundi hufungua kwa nini. Mara nyingi ni kuchukua takwimu, mara chache ni betri. Mtambo wenyewe hauguswi kamwe. Basi tukaufungia mtambo ndani ya sanduku dogo la pili, ukatulia humo kama mbegu katika kibuyu cha bibi. Betri ikakaa katika sanduku la nje. Na waya wa kuchukulia takwimu tukautoa hadi kwenye soketi yenye kofia, chini ya upenu. Siku hizi fundi hufungua kofia ya ukubwa wa kizibo cha soda, na mlango mkubwa hufunguliwa mara tatu au nne tu kwa mwaka. Bibi alikuwa na vibuyu viwili. Mimi nilikuwa nikijaribu kuweka mbegu na maziwa katika kibuyu kimoja.

Sikutaka kusadiki tena maandishi ya ubavuni. Wakati wa likizo nilikwenda Butiama na sanduku la kwanza, nikamwajiri mpwa wangu kwa ujira mdogo na soda. Kazi yake ilikuwa kufungua na kufunga mara 600, akirushia mchanga kidogo kila mara ya kumi, na kila baada ya 100 tulizamisha ndani ya pipa na kutazama. Tulifika 200 salama. Kwenye 300 tukakuta maji, kama kijiko cha chai. Nikadhani ni mpira. Mpwa wangu, ambaye alikwisha kulizoea sanduku kuliko mimi, akasema, "Mjomba, huku kwenye bawaba kunauma kwanza." Alikuwa na haki. Bawaba zilishikilia upande mmoja wa kifuniko chini mno, ukanda wa upande huo ukabanwa kabla ya wenzake na kusagika. Tukabadilisha bawaba tukaweka zenye nafasi ya kucheza, ili kifuniko kikae chote kwa pamoja. Tukaanza upya. Mara 600, na pipa likawa halina la kutuambia.

Sidai kwamba tumemaliza. Mpira bado huzeeka, na tumeweka utaratibu kwamba kila kiangazi hubadilishwa, hata ukionekana mzima, na tarehe huandikwa ndani ya kifuniko. Mara mbili tayari nimekuta tarehe imeandikwa na mpira ni ule ule. Hiyo si shida ya plastiki. Nayo niliizungumza na wahusika, si kwa sauti ya chini.

Mzee bado anasoma vibao. Tulimpa sanduku dogo la plastiki, la kisasa, kwa ajili ya daftari lake. Alilipokea kwa shukrani, na nilipopita tena niliona analitumia kuwekea mbegu za mboga. Daftari limo katika kopo.

Ndugu Mwenyekiti, nimeleta masanduku mawili, la zamani na jipya, niyaache katika maabara ya shule. Kuna majaribio mawili ambayo hayahitaji fedha. La kwanza, paka ukingo chaki, funga, fungua, kisha tazama alama juu ya mpira: panapokosa chaki ndipo maji yatakapopita. Mabaharia huvipima vifuniko vya ngama za meli namna hiyo. La pili, bana kipande cha karatasi chini ya kifuniko, funga, kisha kivute. Zunguka pande zote, na palipolegea utapajua kwa mkono. Baada ya hapo ndiyo ndoo. Sanduku la zamani bado lina mabaki ya silikoni yangu, sikuyaondoa makusudi. Chaki iko pale mezani, na ndoo iko nyuma ya mlango. Wa kidato cha tatu waanze, akiwamo yule aliyeniuliza swali.